UZI: Ukilia Agosti umechelewa. Kwa nini wafuasi sugu wa chama ndio hulalamika zaidi baada ya mchujo

1/
Kila msimu wa siasa kuna swali huwa linarudi: "Kama hamumtaki huyu mtu, si ni nyinyi mlimpigia kura?" Watu wa Kericho na Bomet tumeulizwa hivyo mpaka tumezoea. Leo nalijibu polepole. Sheria ya uzi huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukileta kwenye maoni, utaongea peke yako.

2/
Jibu fupi ni hili. Kura ya Agosti haikuamua. Iliyoamua ni ya Aprili, ile ya mchujo, na kati ya kura zote tunazopiga, hiyo ndiyo ina ulinzi mdogo zaidi. Ukielewa hapo, mengine yote kwenye uzi ni maelezo tu.

3/
Tuanze na ramani. Kaunti ya Kericho ina maeneo bunge 6 na wadi 30. Bomet ina maeneo bunge 5 na wadi 25. Kabianga ni wadi moja ndani ya Belgut. Hizi ni ngome. Chama kinachopendwa msimu huo kikishajulikana, mwenye tiketi yake huwa amemaliza nusu ya kazi, na mara nyingi zaidi ya nusu. Ndiyo maana wagombea hutoka jasho Aprili, halafu Julai unawaona wamepumzika wakihudhuria harambee.

4/
Na si sisi tu. Nenda ngome yoyote ya Kenya, ziwani, mlimani au Ukambani, utakuta hadithi ni ile ile, rangi za chama ndizo zinabadilika. Kwa hiyo ukisoma uzi huu ukiwa Siaya au Murang'a, usicheke jirani.

5/
Sasa, hawa wanaolalamika ni akina nani? Tukisema "wahafidhina" kwenye darasa la sayansi ya siasa, mtu hufikiria Marekani au Uingereza, mrengo wa kulia na wa kushoto. Vyama vyetu havijagawanyika hivyo. Soma manifesto mbili ukificha jalada, huenda usijue ni ya nani.

6/
Lakini mpiga kura mhafidhina yupo. Ni yule mzee au mama anayeamini kanisa, shamba, heshima kwa wakubwa, na kukaa na nyumba uliyoingia. Hahamihami. Akishasema "hiki ndicho chama chetu", mvua inyeshe jua liwake, yuko. Huyu hasira yake ni tofauti na ya mpinzani. Mpinzani anataka nyumba ibomoke. Huyu anauliza kwa nini mlango wa nyumba yake mwenyewe umefungwa kwa ndani.

7/
Mfano wa nyumbani. Aprili 2022 kogo wangu aliamka akaenda kupiga kura ya mchujo kwenye shule ya msingi karibu na kwetu. Alifika saa mbili asubuhi. Karatasi za viti vingine zilifika mchana, za kiti alichokuwa anakitaka yeye hazikuwa zimefika hata saa kumi. Ng'ombe hawajui mchujo. Alirudi kukamua. Jioni tukasikia mshindi amepatikana.

8/
Agosti 9 huyo huyo kogo alienda, akapiga kura, na akampigia yule yule mwenye tiketi. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Kwani ningeenda wapi, na chama ni changu?" Hilo jibu ndilo lilinifanya nianze kusoma mambo ya mchujo kwa makini. Kwa sababu mtu wa nje angeangalia matokeo ya Agosti aseme: kogo ameridhika.

9/
Haya mambo hayakuanza juzi. Wazee wetu wanakumbuka mlolongo wa 1988. Enzi hiyo chama kilikuwa kimoja kisheria. Kwenye mchujo watu walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, hadharani, chifu akiangalia. Na kulikuwa na sheria: ukipata asilimia 70 au zaidi kwenye foleni, umeshapita, hakuna haja ya kura ya siri tena.

10/
Yaani mchujo ndio ulikuwa uchaguzi wenyewe, kwa maandishi. Na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, watu wakiwa wamesimama pale pale wakijihesabu. Malalamiko yalikuwa makali mpaka mwaka wa 1990 chama chenyewe kikaunda kamati ya kusikiliza wananchi, na mlolongo ukaondolewa pamoja na ile asilimia 70. Mwisho wa 1991 vyama vingi vikarudi.

11/
Tulidhani tumemaliza. Lakini angalia vizuri: kwenye ngome, ile asilimia 70 bado ipo, ila sasa haijaandikwa popote. Ukishinda Aprili umeshapita. Tofauti ni kwamba 1988 kila mtu alijua hivyo, leo tunajifanya Agosti ndiyo kazi.

12/
Swali la pili la mabishano: "Si mchujo uko na sheria?" Ndiyo, uko. Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inataka kila chama kifanye uchaguzi wa ndani ulio huru na wa haki. Mwaka wa 2022 Sheria ya Vyama vya Kisiasa ilirekebishwa ikataja njia mbili za mchujo: ya moja kwa moja, ambapo wanachama wote wanapiga kura, na ya wajumbe, ambapo watu wachache waliochaguliwa wanaamua kwa niaba ya wengine.

13/
Shida ni nani anashika filimbi. Agosti mwenye filimbi ni IEBC. Aprili, mara nyingi, ni bodi ya uchaguzi ya chama chenyewe. Chama ndicho kinachapisha karatasi, kinaajiri wasimamizi, kinahesabu, kinatangaza, na malalamiko ya kwanza yanapelekwa kwa kamati ya chama hicho hicho. Ni kama mechi ambayo refa ni binamu ya mwenye timu. Anaweza kuwa refa mzuri tu. Lakini ukifungwa, utaamini?

14/
Na hata kama hakuna mtu ameiba chochote, maandalizi yenyewe huchemka. Aprili 2017 chama kimoja kikubwa kilisimamisha mchujo wake siku ile ile ulipoanza, karatasi hazikutosha na vurugu zikazuka, ikabidi ratiba ipangwe upya. Mtu aliyeacha kazi ya siku kuja kupiga kura anaambiwa arudi siku nyingine. Wengi hawarudi. Wanaorudi ni wale walioletwa na magari ya mgombea.

15/
Halafu kuna daftari. Mchujo ni wa wanachama, sawa. Mwanachama ni nani? Mnakumbuka 2021, Msajili wa Vyama vya Kisiasa alipofungua mfumo wa kuangalia uanachama kwenye eCitizen? Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia. Tuliangalia namba ya kogo, na yeye yuko kwenye chama kingine kabisa. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Huyo aliyeniandika angeniletea hata sukari."

16/
Sasa tuwe wakweli, kwa sababu uzi huu si wa kulia tu. Si kila anayeshindwa mchujo ameibiwa. Kuna hesabu moja watu huisahau. Tuseme wagombea 10 wanataka tiketi moja ya ubunge, na waliopiga kura ni 20,000. Huu ni mfano tu. Mshindi anapata 4,500. Ameshinda kihalali, hakuna aliyempita. Lakini watu 15,500 walitaka mtu mwingine.

17/
Hakuna raundi ya pili. Ile sharti ya nusu ya kura na zaidi ni ya rais peke yake. Kwa hiyo huyo wa 4,500 anabeba tiketi, tiketi inambeba Agosti, na watu 15,500 wanabaki wakinung'unika kwamba wameibiwa. Hawakuibiwa. Waligawanyika. Aspiranti mwerevu analijua hili vizuri, ndiyo maana wakati mwingine anafurahia sana wapinzani wake wakiwa wengi.

18/
Na tuseme lingine chungu. Wengi wetu hatuendi mchujo. Tunaona ni mambo ya wanasiasa na vijana wa kubebwa kwenye pikapu. Halafu kuna wanaoenda kwa sababu ya elfu moja au unga. Mchagua jembe si mkulima, wazee walisema, lakini sisi hata kuchagua jembe hatujachagua. Tunangoja tuletewe, halafu tunalaumu mpini.

19/
Kwa nini hii ni muhimu zaidi ya kelele za mtandaoni? Kwa sababu ya mambo ambayo hayaongelewi Aprili. Kwenye ngome, njia ya haraka ya kupata tiketi ni kuonyesha uko karibu na kigogo wa chama. Kwa hiyo wagombea wanashindana nani mwaminifu zaidi. Hakuna anayekuuliza kuhusu majani chai.

20/
Na huku majani chai ndiyo maisha. Kila mwaka bonasi ikitangazwa, mkulima mdogo wa Kericho na Bomet anauliza kwa nini mwenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa amelipwa zaidi kwa kilo. Mei 2023 vijana waliandamana Kericho dhidi ya mashine za kuchuma chai, na mashine kadhaa zikachomwa, kwa sababu mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Ulisikia mgombea gani wa mchujo akieleza mpango wake juu ya hayo mawili? Mimi nilisikia nyimbo.

21/
Ongeza ardhi. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na isizidi miaka 99. Mashamba makubwa ya chai yanatuzunguka. Mikataba ikiisha au ikifanyiwa upya, kuna watu watakaa mezani: gavana, seneta, wabunge. Hao watu wamechaguliwa Aprili, kwenye kura ambayo kogo alirudi kukamua.

22/
Swali la tatu: "Chama ni mali ya wenyewe, kina haki ya kumpa tiketi kinayemtaka." Hoja hii ina uzito. Chama kinahitaji nidhamu, hakiwezi kulazimishwa kumbeba mtu anayekipinga. Lakini kumbuka Mfuko wa Vyama vya Kisiasa. Sheria inasema mfuko huo upate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Hiyo ni kodi yako, ya sukari na ya mafuta ya boda boda. Klabu ya watu binafsi haifadhiliwi na kodi.

23/
Majirani wanafanyaje? Tanzania wanaita kura za maoni, na jina linasema ukweli: ni maoni. Kwenye chama tawala, vikao vya juu ndivyo vinakata jina la mwisho, na aliyeongoza anaweza kuachwa. Uganda, chama tawala kilirudisha foleni kwenye mchujo wa 2020, watu wakasimama nyuma ya wagombea mchana kweupe. Kwa hiyo Kenya si mbaya kuliko wote. Lakini kuwa afadhali si kuwa sawa.

24/
Sasa linganisha na Marekani. Kule mchujo, kwenye majimbo mengi, unaendeshwa na maafisa wa uchaguzi wa serikali za majimbo na kaunti, kwa kura ya siri. Kuanzia 2009 wahafidhina wa mashinani waliochoshwa na viongozi wao walianzisha vuguvugu la Tea Party. Hapana, halina uhusiano na Kericho. Mwaka wa 2010 waliwaangusha baadhi ya wabunge waliokuwa ofisini, ndani ya mchujo. Mwaka wa 2014 kiongozi wa wengi katika Bunge la Wawakilishi alishindwa na mwalimu wa chuo kwenye mchujo wa Virginia.

25/
Unaweza kuwapenda au kuwachukia wale watu, hilo si la leo. Funzo ni kwamba hasira yao ilipata mahali pa kwenda. Walibaki ndani ya chama chao, wakabadilisha wagombea. Sisi hasira yetu haina mlango, kwa hiyo inaishia kwenye matusi ya WhatsApp au kukaa nyumbani siku ya kura.

26/
Tufanye nini basi? Mambo matano, na hakuna hata moja linalokuambia uhame chama chako.

Kwanza, angalia uanachama wako kwenye mfumo wa Msajili, mapema. Kama umeandikwa mahali usipopajua, jiondoe, halafu jisajili unapotaka. Usingoje wiki ya mchujo.

27/
Pili, uliza chama chako kabla ya siku: tutatumia njia gani, wanachama wote au wajumbe? Kama ni wajumbe, walichaguliwa lini na wapi? Matokeo yatabandikwa mlangoni mwa kituo au tutayasikia kwa redio? Maswali haya yakiulizwa na watu 200 wa wadi moja, ofisi ya kaunti ya chama italazimika kujibu.

28/
Tatu, Sheria ya Uchaguzi, sehemu ya 31, inaruhusu chama kuiomba IEBC isimamie mchujo wake. Chama hakilazimishwi. Lakini wanachama wanaweza kukishinikiza kiombe, na mgombea anayejiamini hana sababu ya kukataa. Anayekataa, muulize kwa nini.

29/
Nne, ukiona kasoro, usiishie kulalamika kwa boda. Njia ipo: kamati ya chama kwanza, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha Mahakama Kuu. Jopo limewahi kubatilisha mchujo na kuagiza urudiwe. Lakini linataka ushahidi. Picha ya fomu ya matokeo, majina ya mawakala, saa karatasi zilipofika. "Kila mtu anajua" si ushahidi.

30/
Tano, kumbuka kura ya Agosti ni sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Kampeni hukuambia upige suti, zote sita kwa chama kimoja. Ni haki yako kufanya hivyo. Ni haki yako pia kumpa rais wa chama chako na kumpa mwakilishi wadi yule mwalimu unayemwamini, hata kama ni mgombea huru. Hiyo si usaliti. Karatasi ni sita kwa sababu maamuzi ni sita.

31/
Na kwa mgombea aliyebwagwa: kuhamia chama kingine baada ya mchujo ni vigumu, orodha za wanachama zinakuwa zimeshawasilishwa. Mlango uliobaki ni kuwa huru. Kifungu cha 85 kinataka usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi. Ubunge unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa, useneta 2,000, uwakilishi wadi 500. Mchujo ukiwa mwisho wa Aprili, una siku chache tu za kuamua. Usizimalize ukiandamana barabarani Kapsoit.

32/
Uchaguzi ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Lakini kama unaishi kwenye ngome, weka tarehe hiyo pembeni kidogo. Uliza tarehe ya mchujo. Hiyo ndiyo siku mbunge wako, gavana wako na mwakilishi wadi wako watapatikana, uwepo usiwepo.

33/
Wiki iliyopita nilimsomea kogo sehemu ya huu uzi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi 2027 sitarudi nyumbani. Wewe ndiye utakamua." Nimemwambia na mimi nina kura. Tumekubaliana zamu: yeye asubuhi, mimi mchana.

Swali langu kwenu: mchujo wa 2022 kwenye kituo chenu, karatasi zilifika saa ngapi? Tuandikieni wadi na saa tu. Majina muachie nyumbani.